Kufuli na Mfalme Aliyekufa Miaka Sabini

Siku ya kwanza Kufuli kushika kitabu cha manga mkononi, alikasirika. Alikifungua kama watu wote wanavyofungua vitabu, akajikuta yuko mwisho wa hadithi: jitu lenye nywele za miiba limeshakufa, na watu wanalia. Akakigeuza, akaunusa mgongo wake, akalikwaruza jalada kwa ukucha.

"Nani kakijalidi hiki?" akauliza. "Huyu alitakiwa kufukuzwa kazi siku hiyohiyo. Kitabu kimefungwa kinyume!"

Mpwa wake alicheka mpaka akashika ukuta. "Mjomba, ndivyo vinavyosomwa! Hizi ni katuni za Kijapani. Unaanzia kulia unakwenda kushoto."

Kufuli hakuamini mpaka alipoletewa vingine vitatu. Mtu aliyekaa kiwandani miaka thelathini na moja akichapa vitabu, humwambii kirahisi kwamba kitabu kina ruhusa ya kuanzia nyuma. Lakini alivisoma vyote vitatu palepale, kwenye kiti chake cha plastiki karibu na mlango, na alipomaliza akauliza, kama mtu asiyejali sana, iwapo kuna cha nne.

Basi huyu bwana ni nani? Kufuli silo jina alilopewa na wazazi wake. Alibatizwa na wenzake wa kiwandani, kwa sababu hata ukimwuliza mchana amekula nini, anataka kwanza kujua nani kakutuma. Mrefu, mkavu, masikio hayo utafikiri ya kuazima. Wino uliingia chini ya kucha zake zamani, na alipostaafu wenyewe ukakataa kustaafu. Hakuoa. Aliwahi kukaribia, lakini yule mwanamke alisema wazi kwamba hawezi kuishi na mtu ambaye habari zake lazima uzibahatishe.

Mtoto wa nyumba hiyo alikuja kwa msiba. Dada yake Kufuli alifariki na kuacha msichana wa miaka mitano, na mjomba mtu, ambaye hajawahi hata kufuga paka, akamchukua. Alijifunza kupika uji usio na madonge. Alijifunza kusuka nywele, tena vibaya, mpaka muuguzi aliyekaa nyumba ya pili akamsihi, "Baba, niletee mimi huyo mtoto Jumapili, usimwaibishe mwenzio shuleni." Mtoto alikuwa mwembamba, na kila mara ana penseli nyuma ya sikio, kwa hiyo akaitwa Penseli. Sasa ana miaka ishirini na nne. Anachora mabango ya maduka kwenye karakana moja mjini, na muda wote uliobaki anachora hadithi zake mwenyewe kwa mtindo wa manga.

Kile kiwanda cha Kufuli kilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha mbele kilichapa kalenda, vitabu vya hesabu za watoto na kadi za mialiko. Chumba cha ndani kilifunguliwa mara moja tu kwa mwaka, kwa ajili ya mtihani wa kumaliza shule. Wafanyakazi waliochaguliwa walikula kiapo, wakaacha vitu vyao vyote getini, wakafungiwa humo wiki tano. Vioo vya madirisha vilipakwa rangi nyeupe. Karatasi iliyoharibika ilihesabiwa, ikaandikwa, ikachomwa mbele ya watu wawili. Aliyechapa ukurasa wa kwanza hakuruhusiwa kuuona wa pili. Nyumbani waliambiwa ni safari ya kikazi, na hakuna aliyeuliza ni safari gani hiyo ambayo mtu anarudi amenenepa na hana hata vumbi kwenye viatu.

Humo ndani Kufuli alikuwa mtu wa mashine kuukuu iliyokuwa haisikii la mtu mwingine. Ilichapa ukurasa wa mwisho. Na hapo, bwana, ndipo penye jambo lake.

Kila mwaka kabla ya kufungiwa, msimamizi aligawa fomu. Swali la tatu liliuliza: Je, una mtoto wa kumzaa atakayefanya mtihani huu? Aliyejibu ndiyo alibaki nje. Mwaka ambao Penseli alikuwa darasa la mwisho, Kufuli aliishika fomu ile akafikiri. Mtoto wa kumzaa? Hana. Msimamizi alikuwa amesimama kando yake, kalamu mkononi, akisema bila wewe mashine ile itatuumbua. Kufuli akaandika hapana. Kwa sheria ya fomu alisema kweli. Kwa sheria ya nyumba yake alisema uongo wa kutisha, na alilijua hilo kabla wino haujakauka.

Wiki tano baadaye alirudi nyumbani, na kichwani mwake mlikuwa na swali la mwisho la mtihani wa jiografia, lenye alama nyingi kuliko yote: eleza jinsi mto unavyojenga delta. Ilibaki miezi miwili. Penseli alikuwa mezani na vitabu vyake asubuhi na jioni. Kufuli hakusema neno. Wala hakukohoa. Mtihani ukafanyika, majibu yakatoka, na Penseli akakosa alama tatu za kuingia chuo cha upimaji ardhi, alichokitaka tangu ana miaka kumi. Swali la mwisho la jiografia alilijibu mistari miwili.

Miaka sita imepita. Kiapo kimekwisha, na ule mtihani pengine umeshafungia watu karanga. Siri iliyobaki ni ya Kufuli peke yake. Aliogopa kwamba siku mtoto huyu atakapoijua, ataendelea kumwita Mjomba, ndiyo, ana adabu zake, lakini hatamwita tena kwa sauti ileile. Aliiogopa siku hiyo kuliko kifo, na simwongezei chumvi.

Sasa, Jumamosi moja Penseli akarudi kutoka karakanani uso umemshuka, karatasi mkononi. Alikuwa amepeleka hadithi yake kwenye jarida moja la hadithi za picha, na mhariri alikuwa ameijibu.

"Amekataa?" Kufuli akauliza.

"Hajakataa. Amenipa wiki mbili nirekebishe. Nikishindwa basi, nafasi anampa mwingine." Akakaa chini. "Anasema michoro ni mizuri, ila haamini ile siri."

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna ufalme uliojengwa juu ya mgongo wa mlima, na wafalme wake huishi miaka mia mbili. Mfalme wa sasa alikufa miaka sabini iliyopita, lakini ikulu inaficha, na watu wanaendelea kuapa kwa jina lake. Kuna msichana anayejiandaa tangu utotoni kwenda kumwomba mfalme arudishe maji ya mto kijijini kwao. Anajifunza kuongea, anajifunza kupiga magoti, anayakariri maneno yake. Na mlezi wake, anayemlisha na kumvisha, ni mlinzi wa ikulu. Anajua kwamba hakuna mfalme.

Kufuli akavaa miwani. Akaomba penseli. Macho yake yalikuwa yanawaka kama ya mtoto, maana mara ya kwanza tangu astaafu mtu alikuwa anamwuliza jambo analolijua.

"Hawa walinzi," akasema akigonga ukurasa. "Wangapi wanajua?"

"Themanini. Wote wamekula kiapo."

"Themanini!" Kufuli akavua miwani tena. "Penseli, watu themanini hawawezi kuficha keki ya siku ya kuzaliwa ya bosi wao mpaka saa kumi. Hapa mhariri ana haki. Waweke wanne."

"Wanne watoshe ikulu nzima?"

"Mlezi peke yake ajue yote, na wale watatu kila mmoja ajue robo yake tu. Wa kwanza anajua kitanda ni kitupu, ila kaambiwa mfalme amehamia chumba cha juu. Wa pili anapunga mkono dirishani mara moja kwa mwaka, amevaa glavu ya kifalme, na kaambiwa mfalme leo ana homa. Mtu akiumwa mara moja kwa mwaka, nani ashtuke? Haya. Nani anapika?"

"Anapikia nani?"

"Mfalme!"

"Si amekufa, Mjomba."

"Ndiyo, lakini mpishi hajui! Asipopikiwa, mpishi anajua. Akipikiwa na sahani ikarudi imejaa, mpishi anajua vilevile, na akijua mpishi, amejua muuza mboga. Kile chakula lazima kiliwe."

Penseli alianza kucheka. "Hadithi ina joka lenye vichwa vitatu, wewe umekwama kwa mpishi?"

"Joka sina tatizo nalo. Tatizo langu ni mpishi."

Akamsimulia, na hapa ujue ni mara ya kwanza Kufuli kusimulia lolote la chumba cha ndani, jinsi siri yao kubwa ilivyokuwa ikivuja kila mwaka kupitia mkate. Milango imefungwa, madirisha yamepakwa rangi, mlinzi ana bunduki, na mwanamke wa duka la jirani anasimama getini akisema, "Mwaka huu mmezidi, mikate imefika arobaini." Alijua siku ya kuanza, alijua siku ya kumaliza, alijua na idadi ya watu. Hakuna aliyemwapisha muuza mkate.

Wakafanya kazi wiki nzima namna hiyo. Penseli akirudi tu, anakuta mzee ameshaandaa maswali. Nani anafua mashuka? Kinyozi wa mfalme kaambiwaje? Wakakubaliana kaambiwa mfalme ameweka nadhiri ya kutonyoa. Penseli akachora mlinzi wa tatu, ambaye kazi yake ni kula chakula cha mfalme mara tatu kwa siku, anazidi kunenepa kila sura mpaka mlango unamkataa, na maskini anaamini yeye ni mwonjaji wa sumu. Kufuli alipouona mchoro ule alicheka mpaka akatokwa machozi, akamtaka amwongezee kidevu. Nyumba ilikuwa na furaha. Nakwambia hata muuguzi wa nyumba ya pili alikuja kuuliza kuna nini.

Jumapili asubuhi wakabakiwa na jambo moja. Penseli aliifungua tena barua ya mhariri, akasoma sehemu ya pili kwa sauti.

"Siiamini tabia ya mlinzi. Anamwona mtoto akihangaika miaka yote kwa ajili ya mfalme asiyekuwepo, na ananyamaza. Mlezi anayempenda mtoto hawezi kunyamaza hivi. Ama aseme, ama mfanye awe mtu mbaya." Akaikunja. "Hili ndilo gumu. Mimi sitaki awe mbaya. Wewe unaonaje, Mjomba?"

Kufuli aliiweka penseli mezani polepole. Akasema uwanja haujafagiwa. Akatoka.

Uwanja ulikuwa umefagiwa saa moja iliyopita, na aliyeufagia ni yeye. Alichukua ufagio akaanza upande wa ukuta, akikusanya vumbi lisilokuwepo. Alijiambia, mzee mzima, una nafasi mbili. Mwambie mtoto kwamba mhariri ana haki, mlinzi awe mtu mbaya, hadithi ikapite, na wewe ufe na lako. Au mwambie mtoto kwamba inawezekana, na akuulize umejuaje. Lakini ile ya kwanza ingekuwa kumdanganya mara ya pili, tena kwenye kazi yake anayoipenda, na hadithi ingeharibika. Hilo Kufuli hakuweza kulimeza.

Alipogeuka, Penseli alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama.

"Mhariri wako amekosea," Kufuli akasema. Sauti ilimtoka ndogo. "Inawezekana. Mtu anaweza kumpenda mtoto na akanyamaza. Nimewahi kuona."

"Kwa nani?"

Akajikaza. "Mwaka wako wa mtihani nilikuwa chumba cha ndani. Waliniuliza kwenye fomu kama nina mtoto wa kumzaa anayefanya mtihani, nikaandika hapana. Ningeandika ukweli wa moyo wangu, ningebaki nje, nisingeona kitu. Nikaingia. Lile swali la mwisho la jiografia, la delta, nililichapa kwa mikono hii. Nikarudi hapa miezi miwili nikikuangalia unasoma kila kitu. Sikukuambia. Ulikosa alama tatu, Penseli, na mimi nilikuwa nazo alama kumi na tano mfukoni." Akauegemeza ufagio ukutani. "Kiapo ni kiapo, najua. Lakini aliyenipeleka nikaapa ni mimi. Ndiyo hiyo. Nichukie kama unataka."

Penseli akaketi kwenye ngazi ya mlango, akapapasa nafasi kando yake, kama yeye ndiye mkubwa.

"Kaa, Mjomba."

Akakaa.

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Chumba cha ndani. Tangu nina miaka tisa. Ulikuwa unarudi umenenepa, ngozi imepauka kwa kukosa jua, na shati linanuka wino mpya. Watoto wote wa wafanyakazi wa kiwandani tulijua, tulikuwa hatusemi tu."

Kufuli akageuka kumtazama. Miaka thelathini na moja ya kuficha!

"Na delta nilijua pia," akasema Penseli.

"Haiwezekani. Sikusema neno."

"Hukusema. Ulikuwa unatoka nje kufagia." Alikuwa anatabasamu, lakini macho yamelowa. "Nikisoma milima, unakaa. Nikisoma hali ya hewa, unakaa, unanipikia chai. Nikifungua sura ya mito tu, unasema uwanja haujafagiwa. Mara ya kwanza sikutia maanani. Mara ya tatu nikajaribu makusudi. Nilifungua milima, ukakaa. Nikafungua mito, ukanyanyuka. Mara ya nne nikaelewa."

Kufuli alishika kichwa. Akaona mara moja, kama fundi anavyoona kosa kwenye karatasi iliyokwisha kuchapwa elfu kumi. Alikuwa ameufunga mdomo, akaacha miguu ikavujisha.

"Kama ulijua," akasema taratibu, "mbona uliandika mistari miwili?"

"Kwa sababu sikuisoma. Siku niliyoelewa, niliifunga ile sura. Sikuifungua tena mpaka mtihani. Mistari miwili ile nilikuwa naikumbuka tu kutoka darasani."

"Kwa nini, mtoto wewe? Kwa nini ulijifanyia hivyo?"

Penseli akamtazama kama anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Ningeisoma, ungekuwa umeniambia."

Kufuli akainamisha uso kwenye viganja vyake vyenye wino, na akalia. Mtu ambaye wenzake walisema hata msibani anatoa machozi kwa risiti, alilia mchana kweupe kwenye ngazi ya mlango wake, mabega yakitikisika, na hakujali nani anapita. Miaka sita alikuwa amejiona yeye peke yake ndiye aliyelibeba lile jambo. Kumbe upande wa pili alikuwepo msichana wa miaka kumi na minane, amelishika, hajawahi kulalamika hata siku moja, na kalishika kwa ajili yake, ili yeye asije akawa mtu aliyevunja neno.

Penseli alimwacha amalize. Alikuwa amemwegemea begani.

"Nilikasirika lakini," akasema baadaye. "Usidhani mimi malaika. Majibu yalipotoka nilikaa wiki nzima sitaki kukuona. Nilikwambia naumwa tumbo."

"Nilikuletea dawa ya tumbo."

"Nikaimwaga."

Kufuli akacheka huku analia, akapangusa pua kwa mkono wa shati. Jua lilikuwa limefika miguuni mwao. Ndani, mezani, mlinzi wa ikulu alikuwa anasubiri kupewa maneno, na wiki ya pili ilikuwa inaanza.

"Mara ngapi ulitaka kuifungua ile sura?" akauliza.

"Kila siku. Wewe?"

"Kila siku," akasema Kufuli. "Kila siku nilipokuwa nje pale nafagia, nilikuwa naomba uje uniulize."

"Nilijua. Ndiyo maana sikuja," akasema Penseli.